Kupunguza uzito wa baiskeli ya milimani: kutoka kilo 17.1 hadi 12.5

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita 33 hivi, na ndani yake unapanda karibu mita 1,000. Ukifika Soni, pale penye maporomoko, miguu imeshakwambia kila kitu kuhusu baiskeli uliyonayo. Yangu ni ya mtumba: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 26, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) yenye shokapu, breki za kubana rimu, gia tatu mbele na saba nyuma. Siku ya kwanza kuipima ilikuwa kilo 17.1. Leo ni kilo 12.5, fremu ile ile na rimu zile zile. Nitaeleza nilivyofanya, kwa mpangilio ambao ningeufuata tena kama ningeanza upya.

Kwanza hesabu, ili mtu asitumie hela akitarajia miujiza. Chukua mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli ya kilo 17, na mzigo wa kilo 3 wa maji na vifaa. Jumla kilo 90. Kwenye mlima nguvu yako karibu yote inakwenda kuinua uzito huo, kwa hiyo ukipunguza kilo 2 umepunguza kazi kwa asilimia 2 na kidogo. Kama Mombo hadi Lushoto unatumia saa mbili na nusu, utafika mapema kwa dakika tatu hivi. Ukipunguza kilo 4.6, ni dakika saba au nane. Kwangu dakika hizo zina thamani, lakini kinachonifurahisha zaidi ni namna baiskeli inavyoitika ukiisukuma kutoka kwenye kona, na namna inavyobebeka begani panapokuwa na matope au ngazi.

Hatua ya kwanza: mizani

Usifungue nati hata moja kabla ya kupima. Tumia mizani ya kidijiti ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Usipokuwa nayo, muuza nafaka au muuza samaki sokoni anayo ya ndoano, na hakuna atakayekukatalia ukiomba kwa adabu wakati hana wateja. Ning'iniza baiskeli kwenye pua ya siti. Njia ya kusimama juu ya mizani ya bafuni ukiwa umeibeba, halafu ukapima tena mikono mitupu, inafaa kwa baiskeli nzima tu. Kwa vipuri tafuta mizani ya jikoni inayosoma gramu, maana kuanzia hapa gramu ndizo zinazohesabiwa.

Kabla ya kupima, ioshe. Udongo mwekundu wa Usambara ukikauka chini ya fremu na kwenye breki unaweza kukudanganya robo kilo nzima. Chomoa pia bomba la siti, geuza baiskeli miguu juu, uiache hivyo dakika kumi. Fremu iliyosafiri baharini au kukaa nje masika mazima huwa na maji, mchanga na vumbi la kutu ndani. Yangu ilitoa maji ya rangi ya chai.

Halafu chukua daftari. Kila kipuri utakachokitoa kipime, andika. Bila daftari utatumia pesa nyingi mahali penye gramu chache, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa vijana wanaonunua boliti za rangi huku tairi zao zina karibu kilo moja kila moja.

Hatua ya pili: vinavyotoka bure

Angalia baiskeli yako kama mtu anayehama nyumba. Kipi unakihitaji huko unakokwenda? Yangu ilikuwa na keria ya chuma (gramu 780), stendi (340), madigadi mawili ya plastiki (410) na kingio la cheni (120). Jumla gramu 1,650, na sikutoa hata shilingi. Keria niliiuza, ikanilipia nusu ya tairi moja.

Kama baiskeli hiyo hiyo ndiyo inayobeba dumu la maji au mtoto wa shule, keria ibaki. Kuitoa Jumamosi asubuhi na kuirudisha Jumapili jioni ni kazi ya dakika tano kwa spana namba 10, usiwe mvivu wa hilo. Kengele na taa viache. Barabara ya Mombo ina kona kali na mabasi, na gramu 40 za kengele si za kuzionea uchungu.

Tazama na mkoba wako. Lita moja ya maji ni kilo moja. Niliwahi kutoka Mombo na lita tatu mgongoni wakati Soni kuna maduka na maji ya kununua. Nikibeba lita moja na nusu na kujaza njiani, napunguza kilo moja na nusu kwenye nusu nzima ya kwanza ya mlima, na hakuna kipuri cha bei hiyo kinachoweza kunipa hivyo. Kufuli la mnyororo nalo: kama huachi baiskeli popote, mnyororo wa nini?

Hatua ya tatu: tairi

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu ya kwanza. Gramu iliyoko kwenye tairi hufanya kazi mbili: inasonga mbele pamoja na baiskeli, na wakati huo huo inazunguka. Kila unapoongeza mwendo, gramu hiyo inakugharimu karibu mara mbili ya gramu iliyoko kwenye fremu. Mlima ukiwa wa mwendo mmoja tu, gramu ni gramu popote ilipo. Lakini njia za milimani si za mwendo mmoja. Unapunguza kwenye mfereji, unasukuma, unapunguza kwenye jiwe, unasukuma tena, siku nzima.

Tairi za bei nafuu zina waya wa chuma kwenye ukingo na mpira mzito. Zangu zilikuwa gramu 870 kila moja. Nilizibadilisha kwa zile zinazokunjika, ambazo ukingo wake ni wa nyuzi ngumu badala ya waya, upana inchi 2.1, gramu 560 kila moja. Gramu 620 zikaondoka kwa mara moja, tena mahali zinaposikika zaidi. Dukani utazitambua haraka: zinauzwa zimekunjwa kama shuka, zile za waya zinaning'inia zikiwa duara.

Usichukue tairi nyembamba sana kwa tamaa ya gramu. Chini ya inchi 2 kwenye mawe ya milimani utapiga rimu, na rimu ikipinda utanunua gurudumu. Tazama pia ubavu wa tairi: ukiubinya kwa vidole ukauona kama karatasi, hiyo ni ya mashindano kwenye nyasi za Ulaya, si ya mawe yetu.

Sasa tyubu, na hapa nitakwenda kinyume na kichwa cha makala. Kuna tyubu nyepesi sana, nusu ya uzito wa zile za kawaida za gramu 200. Sizitumii. Ukishuka kutoka Lushoto ukaingia tambarare za Mombo, au ukiendesha upande wa Monduli, Same, Dodoma, njia zina mbigili. Mbigili hawana huruma na mpira mwembamba, na miiba ya migunga ni mibaya zaidi. Kwa hiyo nilibaki na tyubu za kawaida zenye valvu kama ya pikipiki, nikamwomba fundi pikipiki anifungulie kiini cha valvu kwa kifaa chake kidogo, nikamimina mililita 60 za dawa ya pancha kila upande. Uzito ukaongezeka gramu 120. Nimeziandika kwenye daftari pamoja na nyingine, na sijutii hata moja. Mtu anayesukuma baiskeli ya kilo 12 kwa mguu kilomita tisa juani kwa sababu ya mwiba, hajaokoa chochote.

Kama rimu zako zimetengenezwa kwa ajili ya tairi zisizo na tyubu, basi ondoa tyubu kabisa: weka utepe wa rimu usiopitisha hewa, valvu yake, na mililita 80 hadi 100 za dawa. Utapata wepesi na kinga ya miiba kwa pamoja, na utaweza kuendesha kwa upepo mdogo zaidi bila kubana tyubu kwenye mawe. Rimu za zamani kama zangu hazina kingo ya kuishika tairi vizuri, na kwenye kona tairi inaweza kuachia upepo ghafla. Nimeona watu wakizilazimisha kwa tabaka nyingi za utepe wa gundi. Usifanye. Na kwa joto letu, dawa ya pancha hukauka ndani ya miezi michache, kwa hiyo weka tarehe kwenye simu ya kuiongeza.

Hatua ya nne: foku

Kipande kizito kuliko vyote kwenye baiskeli yangu, ukiacha magurudumu, kilikuwa foku yenye shokapu. Gramu 2,500. Na shokapu zenyewe zilikuwa zimekufa, springi ina kutu, inacheza sentimita mbili na kugonga. Shokapu ya bei ya chini iliyozeeka ni uzito mtupu. Nilipata foku ngumu ya chuma chepesi kutoka kwenye baiskeli nyingine ya mtumba, gramu 1,050. Hiyo ni kilo moja na nusu kasoro kidogo, kwa bei ndogo kuliko tairi moja.

Kazi hii ndiyo inayotaka umakini kuliko zote, kwa hiyo twende polepole.

Pima urefu wa foku ya zamani kutoka katikati ya ekseli ya gurudumu hadi pale juu ambapo ringi ya beringi ya chini inakaa. Yangu ilikuwa milimita 455. Halafu funga kamba ndogo kwenye mguu wa shokapu, panda taratibu, shuka, utazame kamba imesogea kiasi gani. Hicho ndicho kiasi shokapu inacholala ukiwa juu yake. Yangu ilikuwa milimita 20 hivi. Foku mpya inapaswa kukaribia tofauti ya namba hizo mbili. Niliyoipata ina 430 dhidi ya 435, safi kabisa. Ukiweka foku fupi sana, mbele ya baiskeli itainama: kila milimita 20 hubadilisha pembe ya usukani kwa digrii moja hivi, baiskeli inakuwa na wasiwasi kwenye mteremko na pedali zinakaribia mawe. Foku nyingi ngumu za miaka ya 1990 ni fupi mno kwa fremu zilizotengenezwa kwa shokapu, na ndizo zilizojaa kwa wauzaji. Nenda na rula mkononi.

Kagua na haya: unene wa bomba la juu la foku uwe sawa na wa kwako (nyingi za inchi 26 ni milimita 28.6), urefu wake utoshe kichwa cha fremu pamoja na stemu (kipande kinachoshika usukani), na vishikizo vya breki viwe vya aina yako. Foku ya breki za diski pekee haina mahali pa kufunga breki za kubana rimu, na kinyume chake vile vile. Ipitishe kidole kwenye maungio yote ukitafuta ufa, na itazame kutoka ubavuni kama miguu yote miwili imelingana.

Kufunga: hamisha ringi ya beringi ya chini kwenye foku mpya kwa kuigonga kidogo kidogo kuzunguka, usiilazimishe upande mmoja. Safisha beringi, weka grisi mpya. Bomba likizidi urefu, likate ili kilele chake kibaki milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa stemu. Pima mara tatu, maana likikatwa fupi halirudi. Kaza boliti ya juu hadi usukani uzunguke kwa uhuru bila kucheza, kisha ndipo ukaze boliti za pembeni za stemu. Watu wengi wanafanya kinyume na kushangaa kwa nini beringi zinagonga. Kujaribu, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye kiungo cha chini. Ukisikia mchezo, legeza pembeni, kaza juu robo mzunguko, rudia.

Nani asifanye hivi? Anayeendesha zaidi kwenye njia za msitu zenye mizizi, kama zile za Magamba, au anayeshuka kwa kasi kwenye mawe. Huyo shokapu nzuri ni mikono yake na usalama wake, bora aihudumie kuliko kuitoa. Mimi njia zangu ni za vumbi na za kupanda, na tairi za inchi 2.1 zisizojazwa upepo hadi kuwa mawe zinameza mitikisiko mingi.

Hatua ya tano: siti, bomba lake, usukani, pedali

Siti yangu ya springi ilikuwa gramu 620. Niliyonayo sasa ina 290, na ajabu yake inaniumiza kidogo kuliko ile ya zamani, kwa sababu siti laini na pana inasugua mapaja ukipanda muda mrefu. Bomba la siti la chuma, 460, likaenda, la alumini likaja na 260. Kipenyo lazima kiwe kile kile kabisa, 27.2 au 30.9 au kilichochapwa kwenye lako. Tofauti ya nusu milimita inaweza kupasua fremu. Na usilikate bomba likapita mstari wa mwisho uliochorwa.

Usukani wa chuma kwenda wa alumini: gramu 190. Hapa nunua kipya. Usukani wa mtumba wa alumini hujui umeanguka mara ngapi, na alumini haipindi kukuonya, inakatika. Wa kaboni wa mtumba usiuguse hata ukipewa bure, kwa sababu ufa wake hauonekani kwa macho.

Pedali za chuma kwenda za nailoni ngumu: gramu 140. Kumbuka ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kama unakaza. Paka uzi grisi.

Hatua ya sita: gia, kwa tahadhari

Mtindo wa sasa ni kubaki na sproketi (gia ya meno) moja mbele, na ni kweli unapunguza karibu nusu kilo ukitoa sproketi mbili, kibadili gia cha mbele, shifta na waya wake. Baiskeli zinazofanya hivyo zina kaseti (seti ya sproketi za nyuma) kubwa, yenye meno 42 au hata 50. Mimi nyuma nina friwili ya meno 34. Nikibaki na sproketi ya meno 32 peke yake mbele, gia yangu nyepesi kuliko zote inakuwa nzito kwa karibu nusu kuliko ile ya 22 niliyonayo. Kona za juu ya Soni ningezipanda kwa miguu.

Kwa hiyo nilitoa ile kubwa tu, ya meno 42, ambayo mlimani sikuwa naigusa. Gramu 130. Kisha kaza skrubu ya kikomo ya kibadili gia ili cheni isirukie nje. Tazama kwanza krenki zako (mikono ya pedali): nyingi za bei nafuu zina sproketi zilizopigwa ribiti badala ya boliti, na hizo ziache zilivyo.

Visivyoguswa

Usitoboe matundu kwenye chuma chochote. Tabia hiyo ilitoka kwa waendesha baiskeli za barabarani miaka ya 1970. Mwaka 1972 Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli kutoka Ubelgiji, alivunja rekodi ya saa moja kule Mexico City kwa baiskeli ya chini ya kilo 6 iliyotobolewa hadi kwenye cheni. Ilikuwa ya kuzunguka uwanja laini kwa dakika 60 tu, haikuhitaji kupona shimo lolote. Krenki iliyotobolewa ikikatika kwenye mteremko wa Soni, chini kuna korongo.

Pedi za breki, nyaya za breki, idadi ya spoku, boliti za stemu: hivi vinabadilishwa kwa vipya na imara, kamwe si kwa vyepesi. Boliti za alumini zisikaribie breki wala usukani.

Ukishamaliza, usiende mlimani moja kwa moja. Zunguka mtaani kilomita tano, panda na kushuka ukingo wa barabara, shika breki zote mbili kwa nguvu. Rudi, pitia kila boliti kwa alenki. Fanya tena baada ya safari ya kwanza ndefu, hasa boliti za stemu na za siti, kwani grisi na rangi mpya hujikandamiza na boliti hulegea. Mimi yangu ya siti ililegea Soni, nikaikaza pale pale chini ya mti, nikaendelea na safari.